Bafle Mbili na Masikio ya Baba Kabeya

Nyinyi vijana, kwanza chukueni karatasi. Yoyote, hata ile mliyofungiwa mkate. Isogezeni kwenye midomo mpaka iguse kidogo tu, halafu semeni "aaaa" kwa sauti nzito, sauti ya kifuani. Mmesikia vile inawatekenya? Bon. Kazi yangu yote ya maisha iko hapo. Sauti inatetemesha karatasi. Na siku moja mtu fulani, simjui, alikaa akajiuliza: je, tukiitetemesha karatasi wenyewe, sauti si itatoka? Ikatoka. Miaka yote hii nimefungua na kufunga vipaza sauti, na mpaka leo nikiwasha ampli, mashine ya kukuza sauti, na karatasi kavu ikaanza kusema kama mtu, nywele za mkono zinasimama. Msinicheke. Zinasimama kweli.

Jina langu ni Numbi, lakini mukifika Katuba mukiuliza Numbi, watawauliza Numbi yupi. Ulizeni Mama Bobini. Hata watoto wa juzi wananijua hivyo, wala hawajui bobini ni nini.

Shule yangu iliishia darasa la sita. Baada ya hapo mama alinipeleka kwenye foyer ya kampani ya shaba, kule walikokuwa wanafundisha wake na binti za wafanyakazi kushona, kupika, na kufuma sweta kwa sindano mbili. Mimi nilipenda kufuma. Nilikuwa nafuma huku naota ndoto zangu: siku moja nitafuma sweta kubwa, nivalishe ile cheminée ya kampani, bomba refu la moshi, maana asubuhi za mwezi wa sita inaonekana inasikia baridi. Mwalimu wetu alikuwa ananiambia, "Numbi, rudi hapa duniani, umeruka tundu."

Mjomba wangu Ilunga ndiye aliyenitoa kwenye sweta. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya umeme ya kampani, halafu akafungua karakana yake mwenyewe Katuba: chumba kimoja, meza moja, dirisha moja, na radio za watu zimepangwa mpaka darini. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Siku moja alinikuta nafuma bila kuangalia, nabishana na dada yangu, na mikono inaendelea peke yake. Akasimama pale mlangoni.

"Hii mikono inahesabu yenyewe?"

"Inahesabu, Mjomba."

"Basi wacha hii sweta. Kuya nikuonyeshe uzi wenye kuimba."

Alinifungulia kipaza sauti kilichokufa, na mimi nawafungulia nyinyi sasa vilevile. Mbele kuna karatasi ya mviringo, imezama katikati kama sahani ya mchuzi. Ukingo wake ni laini, ili iweze kwenda mbele na nyuma. Nyuma ya karatasi, pale katikati, pamegundishwa kikopo chepesi kilichozungushiwa waya mwembamba sana: hiyo ndiyo bobini. Kuna kitambaa cha mikunjo kinachoishika ikae katikati, tunakiita buibui. Na bobini imeingia ndani ya sumaku nzito, katika upenyo mdogo kiasi kwamba ukucha wako haupiti, na haigusi popote. Umeme wa muziki ukipita kwenye waya, sumaku inaisukuma bobini, halafu inaivuta, mara nyingi sana kwa kufumba na kufumbua jicho. Bobini inaibeba karatasi. Karatasi inasukuma hewa. Hewa inakuja mpaka kwenye sikio lako.

"Na huu waya ni wa nini?" niliuliza.

"Shaba," Mjomba akasema. "Inatoka hapa kwetu. Inapanda treni, inavuka bahari, kule banaivuta mpaka inakuwa kama unywele, halafu inarudi kwetu ndani ya radio."

Sikulala vizuri kwa kufikiria hilo. Ile milima yote ya udongo mweusi tuliyokuwa tunaiona kila siku, moshi wote ule, wanaume wote wale wanaotoka kazini na macho mekundu, na mwisho wake ni uzi unaoimba!

Msidhani nilikuwa fundi mara moja. Kazi yangu ya kwanza ya karatasi ilikuwa aibu. Mtu wa mtaa wetu mwenye baa aliniletea kipaza sauti kilichopasuka. Nikakata kiraka kwenye mfuko wa unga wa rasioni ya kampani, karatasi nzuri, ngumu na nyepesi. Mpaka hapo ni sawa. Lakini gundi sikuwa nayo. Nikachemsha unga kidogo, uji mzito, nikagundisha kwa uji. Kiliimba vizuri, mwenye baa akacheza hapohapo mlangoni. Siku ya nne akarudi nacho, katikati pana tundu kubwa kama ngumi.

"Numbi, asante kabisa," akasema. "Miye niliomba muziki, weye ukapikia panya yangu bukari."

Bukari ndiyo ugali wetu. Mtaa mzima ulinicheka mwezi mzima. Kila nikipita: "Mama, leo bukari iko na mboga gani?" Tangu hapo natumia gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli. Inakauka laini, haipasuki karatasi ikitembea, na panya haitaki. Kiraka kiwe chepesi. Karatasi nzito ni kama mtu aliyeshiba, hairuki haraka.

Sasa niwaambie ya Ngalula.

Ilikuwa Jumatatu, Mjomba amesafiri Kasomeno kwenye harusi ya mtoto wa dada yake mwingine, na mimi nimebaki peke yangu na meza. Akaingia msichana wa umri wangu, mrefu, na nyuma yake wanaume wawili wa korali, yaani kwaya, wamebeba bafle mbili za parokia. Bafle, kwa wasiojua, ni kipaza sauti pamoja na sanduku lake. Zilikuwa zinanuka kuungua.

"Yaya, humu njo banatengenezaka bafle?"

Kwetu "njo" maana yake "ndiyo". Sauti yake ilinishangaza. Ilikuwa nzito, ya chini, kama inatoka kwenye mtungi. Nikageuka kuangalia kama ni yeye kweli aliyesema.

"Njo humu. Lakini mwenyewe eko Kasomeno."

"Na weye, unafanyaka nini?"

"Miye ninasokota bobini."

"Basi soketa mbili. Mpaka Siku ya Mungu. Yaya, minakuomba."

Nyuma yao alikuwa amesimama mzee mwenye koti safi, anatabasamu kwa kila mtu. Ngalula akanieleza. Huyo ni baba yake, Baba Kabeya. Miaka yote amefanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba, karibu na mashine zinazonguruma mchana na usiku, na masikio yake yamekwisha. Yamekwisha kwa namna ya ajabu: ndege hasikii, saa hasikii, mtoto akilia hasikii. Ngoma anasikia. Lori likipita anasikia. Radi anasikia. Vitu vizito tu. Ngalula alianza kuimba korali baba akiwa tayari hivyo. Baba hajawahi kumsikia akiimba hata mara moja. Na sasa kazi imekwisha, nyumba ya kambi inarudishwa, na Jumatatu ijayo anapanda treni kurudi Kasai, kwa ndugu zake, moja kwa moja. Ngalula anabaki, anasomea uuguzi. Siku ya Mungu, ndiyo Jumapili, ataimba peke yake, mara ya kwanza.

"Mutu mwingine akiimba na sauti ya ndege, baba hawezi kusikia," akasema. "Lakini yangu iko nzito. Kama bafle inaitoa muzuri, atasikia. Minajua atasikia."

Baba Kabeya alikuwa ameinama mezani, ameshika kwa vidole viwili bobini iliyoungua. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wasiosikia, "HII NI SHABA?"

Nikatikisa kichwa: ndiyo.

"YA KWETU?"

Nikatikisa tena. Akaizungusha, akaizungusha. Mtu aliyeona shaba kama mto wa moto maisha yake yote, sasa anaiona imekuwa unywele. Akairudisha mezani polepole, kama yai.

Nilifanya kazi wiki nzima nikiwaza yule mzee. Waya nilitoa kwenye transfoma iliyokufa. Kikopo nilikunja kwa karatasi ngumu ya mfuko wa unga juu ya chupa ya dawa yenye unene uleule. Nikasokota, uzi kando ya uzi, bila kupanda juu ya mwenzake, nahesabu kama tundu za sweta. Ukimaliza, ncha za waya uzikwangue kwa wembe, maana waya umepakwa rangi isiyopitisha umeme, na bati la kulehemu halishiki juu ya rangi. Kabla ya kugundisha, weka vipande vya karatasi nyembamba kuzunguka ndani, kati ya bobini na chuma, ili ikae katikati sawasawa. Gundi ikikauka, vitoe. Halafu sukuma karatasi kwa vidole vya mikono miwili, taratibu, ukitega sikio. Ikikwaruza, rudia. Usijidanganye kwamba itajizoeza.

Masanduku nayo yalikuwa na nyufa. Nikaziba kwa matambara na gundi. Kama hamjui kwa nini kipaza sauti kinahitaji sanduku, fanyeni nilichofanya siku ile kwa furaha yangu tu: kitoeni nje, kiacheni kiimbe kitupu. Kitapiga kelele nyembamba kama nzi ndani ya kopo. Sasa kirudisheni. Lo! Besi inarudi, kifua kinarudi, mtu mzima anarudi! Sababu ni hii: karatasi ikisukuma hewa mbele, inavuta hewa ya nyuma. Pasipo ukuta kati yake, hewa ya mbele inakimbilia nyuma kuziba pengo, na sauti nzito inakufa palepale kabla haijakufikia. Sanduku ni ukuta. Nilitoa na kurudisha, nilitoa na kurudisha, nacheka peke yangu, mpaka jirani akaja kuuliza kama niko mzima.

Ijumaa nilijaribu bafle ya kwanza na radio: nzuri. Ya pili: nzuri. Nikaenda kuoga nikiimba.

Jumamosi asubuhi, mazoezi kanisani. Bafle zimekaa mbele, moja kando ya nyingine, na Baba Kabeya amekaa kwenye benchi la kwanza na koti lake lilelile. Mkuu wa korali, mtu mdogo mwenye ulimi mkali, akapiga makofi.

"Ngalula, anza. Tusikie ile wagoni yako ya shaba ikipita."

Korali ikacheka. Alikuwa anamwita hivyo kila siku, wagoni, lile behewa la treni la kubebea shaba, kwa sababu ya sauti yake. Ngalula akashika mikro, akaimba.

Na sauti haikuwepo. Ilisikika, ndiyo, lakini nyembamba, haina tumbo, imetawanyika huku na huku, hujui inatoka wapi. Baba Kabeya alikuwa anauangalia mdomo wa mtoto wake, anatabasamu, anangoja. Akangoja sana. Halafu akaniinamia mimi, akauliza kanisa zima likasikia:

"ALISHA ANZA?"

Ngalula akanyamaza katikati ya neno.

"Njo ile bobini ya bukari," mtu akasema nyuma. Nikapiga magoti nyuma ya bafle. Nilitaka kujua ni ipi mbovu. Nikamwambia Ngalula aendelee, nikachomoa waya wa bafle moja.

"HAPO!"

Mzee alikuwa amesimama. Mkono juu, kama mtoto wa shule anayejua jibu.

"HAPO MINASIKIA KINTU! KIDOGO. IKO MBALI."

Nikarudisha waya. Mkono wake ukashuka. "IMEENDA."

Nikachomoa ule wa bafle nyingine. Mkono ukapanda tena. Nikarudisha, ukashuka. Moja anaisikia kidogo. Nyingine anaisikia kidogo. Mbili pamoja, hakuna kitu. Watu wenye masikio mazima walikuwa wanasikia tu kwamba ni vibaya. Yeye asiyesikia ndiye alinionyesha ugonjwa uko wapi, lakini jina la ugonjwa sikulijua. Na moja peke yake haikutosha kumfikia kupitia korali na ngoma ya kesho.

Nikazibeba mpaka kwetu kwa kigari cha kusukuma. Ngalula alisukuma upande mmoja, mimi mwingine. Namshukuru Mungu, Mjomba alikuwa ameshuka kwenye lori la Kasomeno muda huohuo, ana kuku miguuni na mfuko wa samaki wakavu begani. Nikamweleza yote hapohapo mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakugusa bafle. Akafungua tochi yake, akatoa betri moja, akanipa.

"Usiniulize miye. Uliza hizi bafle. Gusisha, halafu angalia karatasi inaenda wapi."

Nikafungua masanduku. Nikashika waya mbili juu ya betri, nikagusisha kwenye bafle ya kwanza. Tak! Karatasi iliruka mbele, kuja kwangu. Nikagusisha kwenye ya pili, vilevile, waya uleule juu, uleule chini. Tak! Karatasi ikarudi nyuma, ikanikimbia.

"Sasa?" Mjomba akauliza.

"Moja inasukuma, nyingine inavuta."

"Na hewa katikati?"

"Inatoka huku, inaingia kule." Nikakaa chini. Ilikuwa ni sanduku lenye ufa tena, ila safari hii ufa nilikuwa nimeutengeneza mimi. Bafle mbili zinaimba wimbo mmoja, na kila moja inaumeza uzito wa mwenzake.

Mjomba akazitazama bobini zangu kwa muda, karibu kabisa na pua, halafu akaanza kucheka mpaka kuku akaogopa.

"Numbi. Ya kwanza ulisoketa kuelekea kuume?"

"Kuume."

"Na ya pili?"

Nikaikumbuka mikono yangu. Ukifuma sweta, ukimaliza mstari, unageuza kazi na kurudi ulikotoka. Ndivyo nilivyofundishwa foyer, ndivyo mikono inavyojua. Nilimaliza bobini ya kwanza, nikageuza, nikarudi.

"Umeifumia parokia sweta," Mjomba akasema, anafuta machozi.

Hata Ngalula akacheka, cheko lake lile la chini, na kikopo cha misumari kikalia mezani. Dawa ilikuwa nini? Waya mbili nyuma ya bafle moja: wa kushoto nikaupeleka kulia, wa kulia kushoto. Basi. Mkisokota vibaya kama mimi, wala hamna haja ya kufumua. Betri kwanza, karatasi zote zije kwenu pamoja, halafu mpake nukta ya rangi pale ncha ya juu ya betri ilipogusa, msisahau.

Siku ya Mungu kanisa lilijaa. Padri wetu alikuwa na sauti nyembamba, na aliposoma Baba Kabeya alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyepoteza sauti yake njiani. Halafu Ngalula akasogea kwenye mikro.

Siwezi kuwaeleza vizuri. Sauti ilitoka kwenye bafle zile kama mtu anafungua mlango wa chumba kikubwa. Ilipita chini ya mabenchi. Niliisikia kwenye magoti kabla ya masikio. Karatasi ya mfuko, uzi wa shaba, gundi ya baiskeli, na ndani yake mtu mzima, pamoja na pumzi yake! Nilimtazama mzee. Tabasamu lake lile la kila siku lilikuwa limeondoka. Mdomo wazi. Mikono miwili imeshika ukingo wa benchi. Hakuangalia tena mdomo wa mtoto wake, alifumba macho, na nilijua maana yake: anasikia.

Wimbo ulipokwisha, akasema kwa sauti yake yote:

"NJO MAMA YANGU! HII NI SAUTI YA MAMA YANGU!"

Kumbe bibi yake Ngalula, aliyekufa kabla mjukuu wake hajazaliwa, alikuwa anaimba hivyo shambani. Hakuna aliyekuwa anajua, kwa sababu aliyejua hakuwa anasikia. Padri alingoja. Mkuu wa korali, yule wa wagoni, alikuwa anatafuta kitu kwenye karatasi zake ambacho hakikuwepo, halafu akamwashiria Ngalula kwa mkono: tena, rudia.

Jumatatu nilikwenda stesheni. Hakukuwa na ampli wala bafle, ila makelele ya watu, vikapu na magodoro. Ngalula alikuwa analia, kwa kuwa baba yake alikuwa anamuuliza kitu na hasikii jibu. Nikamwambia kile ambacho wiki ile ilikuwa imenifundisha: wewe mwenyewe una sanduku. Mbavu hizi ni mbao, na ndani yake kuna hewa.

Akauchukua mkono wa baba yake, ule mkono mgumu wa tanuru, akauweka chini ya shingo, juu ya mfupa wa kifua. Akaanza kuimba polepole, midomo imefungwa. Niliona vidole vya mzee vikitulia, kimoja kimoja, kama mtu anayetega sikio. Treni ilipiga honi, watu wakasukumana, na Baba Kabeya hakuondoa mkono.

"Minasikia," akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema polepole, bila kupaza sauti.